Taya la Mwana na Saa ya Ukuaji Wake

Katika maswali yatufikiayo kutoka kwa akina mama, lipo moja ambalo hurudi kila likizo ya shule, wakati watoto wapelekwapo kwa daktari wa meno. Mtoto ana miaka 10 au 11. Meno yake ya juu yametokeza mbele, kidevu kimerudi nyuma, na midomo haikutani ila kwa kulazimishwa. Wenzake darasani wamekwisha kumpa jina, na yeye amejifunza kucheka huku amefunika kinywa kwa kiganja. Mama amejinyima, amekusanya fedha kidogo kidogo, amempeleka mjini. Na daktari, baada ya kumtazama, anasema: tungoje. Ndipo swali huja: tungoje nini, na tutajuaje kwamba hicho tukingojacho kimefika?

Swali hili ni zuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa maana madaktari wenyewe wamelihangaikia kwa zaidi ya nusu karne, na katika miaka ya karibuni wameanza kulitafutia jibu ndani ya damu.

Hapana budi kwanza tuelewe kinachongojewa. Meno hupangika wakati wowote maadamu ufizi na mfupa ni vizima. Hata mtu mzima wa miaka 40 huwekewa nyaya na meno yakasogea. Lakini si kila ubaya wa kuumana kwa meno ni ubaya wa meno. Mara nyingi meno yamekaa sawa juu ya mfupa wake, ila mfupa wenyewe ndio usiolingana na mwenzake: taya la chini ni fupi, au la juu ni finyu, au la chini limepita kiasi. Hapo nyaya peke yake ni kama kuzipanga upya fanicha katika chumba ambacho ukuta wake ndio uliopinda. Dawa ya ukuta ni kuufikia wakati ungali ukijengwa.

Taya la chini hukua zaidi kwenye vichwa vyake viwili, pale linapoungana na fuvu mbele kidogo ya masikio. Juu ya vichwa hivyo pana gegedu, na gegedu hiyo ndiyo hugeuka mfupa. Kwa kuwa fuvu halisogei, taya linaporefuka kwa nyuma na juu, kidevu husukumwa mbele na chini. Haya yalithibitishwa kwa namna ya ajabu na daktari aliyefanya kazi Denmark, Arne Björk, ambaye tangu miaka ya 1950 aliwatia watoto vipini vidogo mno vya madini ndani ya mataya, kisha akawapiga picha za eksirei mwaka baada ya mwaka. Vipini havikusogea, mfupa ndio uliokua kuvizunguka. Na kwa kuvifanya kama vigingi vya mpaka wa shamba, aliona taya la kila mtoto lilivyokua na kuelekea.

Sasa, ukuaji huu hauendi kwa mwendo mmoja. Mtoto wa miaka 7 au 8 huongeza kimo cha sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Kisha, anapokaribia kubaleghe, hupiga hatua ya ghafla: msichana hufikia kiasi cha sentimita 8 kwa mwaka, na mvulana 9 au hata 10. Mama hulijua jambo hili kwa sare ya shule iliyoshonwa Januari na kuwa fupi ifikapo Agosti. Taya la chini hufuata mkondo huo huo. Mbio zake huja pamoja na mbio za kimo au nyuma yake kidogo. Ndani ya kipindi hicho, ambacho ni mwaka mmoja hadi miwili tu, vifaa vya kulileta mbele taya la chini hufanya kazi yake kwa ufanisi zaidi. Kinachojulikana zaidi miongoni mwavyo ni Twin Block, kilichobuniwa na daktari wa Scotland, William Clark, mwaka 1977: ni vibao viwili vya plastiki ngumu, kimoja juu na kimoja chini, ambavyo mtoto akiuma humlazimisha kupeleka taya mbele. Kikivaliwa mapema mno, mtoto huchoka na kifaa kabla mfupa haujaanza mbio. Kikivaliwa baada ya mbio kwisha, meno husogea lakini taya hubaki palepale.

Basi la kuulizwa ni hili: mbio hizo zimeanza, au bado?

Wazazi wengi hutoa jibu kwa umri. Umri ni shahidi dhaifu. Kwa wastani wasichana hufikia kilele cha ukuaji karibu na miaka 12 na wavulana karibu na 14, lakini wastani huficha mengi. Watoto wawili waliozaliwa wiki moja, wakanyonya mtaa mmoja na kukaa dawati moja, waweza kupitana kwa miaka mitatu na wote wawili wakawa wazima kabisa. Wanafunzi wa fiqhi hawataliona jambo hili kuwa geni. Katika madhehebu yetu ya Shafii bulughi hutazamwa kwa alama zake za mwilini, na miaka 15 ya mwezi hushikwa pale alama zisipoonekana. Matabibu nao, kwa njia yao na kwa sababu zao, wamefika kwenye mlango uo huo: tazama alama, uache kuhesabu miaka.

Alama ya kwanza na iliyo rahisi kuliko zote ni kimo chenyewe. Katika karne ya 18 bwana mmoja wa Ufaransa, Philibert Guéneau de Montbeillard, alimpima mwanawe kila miezi sita tangu kuzaliwa kwake mwaka 1759 hadi alipotimiza miaka 18. Orodha ile ya vipimo hadi leo hutumiwa na wataalamu kuonyesha mbio za ukuaji, na haikuhitaji chochote ila ukuta, alama na uvumilivu wa baba. Lakini ina kasoro moja: kilele hujulikana vyema kikiisha kupita.

Alama ya pili ni mifupa ya kiganja na kifundo cha mkono. Mifupa ile midogo huonekana kwenye eksirei mmoja mmoja kwa utaratibu, na ncha za vidole huungana na viungo vyake kwa mpango unaofahamika. Kitabu mashuhuri cha picha hizo, cha Greulich na Pyle, kilitolewa Marekani mwaka 1950, nacho kilitokana na watoto wa mji wa Cleveland, wengi wao wa familia zenye nafasi. Twalitaja hili kwa makusudi: kipimo kilichochukuliwa kwa watoto wale si lazima kiwakae sawasawa watoto wa Lamu au Kwale.

Ya tatu ni pingili za shingo. Mwaka 1972 Lamparski, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, alionyesha katika tasnifu yake kuwa pingili hizo hubadilika umbo kadiri mtoto anavyokomaa, na mwaka 2005 Baccetti, Franchi na McNamara wakazipanga katika daraja sita. Kwanza upande wa chini wa pingili ni bapa. Kisha huingia ndani kama kijibonde, pingili moja baada ya nyingine. Na kiwiliwili chake hutoka katika umbo la kabari kikawa mstatili. Kilele cha ukuaji wa taya la chini, kwa mpango wao, huangukia kati ya daraja la tatu na la nne. Uzuri wa njia hii ni kwamba daktari wa kunyoosha meno aghalabu hupiga picha ya kichwa kwa upande, na shingo imo ndani ya picha hiyo hiyo, kwa hiyo mtoto hapigwi mionzi ya ziada. Udhaifu wake ni jicho la msomaji. Picha moja, wakipewa madaktari wawili, yaweza kupata daraja mbili. Na hata daktari mmoja, akirudishiwa picha ile baada ya mwezi, huweza kujipinga mwenyewe.

Kuna na alama ya nne, ambayo haimo katika mashine yoyote bali katika kumbukumbu ya mama. Kwa msichana, kuvunja ungo huja baada ya kilele cha ukuaji, kwa kawaida mwaka mmoja hivi au zaidi. Kwa hiyo msichana aliyekwisha kuona hedhi bado ataongeza sentimita chache za kimo, lakini mbio kubwa zimempita. Daktari akiuliza juu ya hili hakufanya utovu wa adabu. Na mama akimjibu kwa uwazi, au akamnong'oneza muuguzi wa kike ikiwa haya zimemshika bintiye, amempa daktari habari yenye thamani ya picha nzima. Twasikitika kwamba wengi hulificha, au hujibu kwa kukisia. Na wako wazazi wanaongoja binti "akomae kwanza" ndipo wampeleke kwa ajili ya kidevu chake. Kwa kidevu kilichorudi nyuma, kungoja huko ndiko kupitwa. Wavulana wana nafasi ndefu zaidi, kwa maana mbio zao huchelewa kwa miaka miwili hivi.

Alama hizi nne zote zina jambo moja la pamoja: zatazama nyayo. Mfupa ukibadilika, kilichoubadilisha kimekwisha kupita. Ndiyo sababu watafiti wakauliza: kwa nini tusimtazame mtembezi mwenyewe?

Mtembezi huyo ni homoni. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo mfano wa punje ya choroko, nayo ni pituitari. Hutoa homoni ya ukuaji, ambayo husafiri katika damu hadi kwenye ini, na ini likatoa kemikali nyingine inayojulikana duniani kote kwa herufi IGF-1, yaani kichochezi cha ukuaji kinachofanana na insulini. Hicho ndicho hufika kwenye gegedu na kuiamrisha ikue. Dalili za kuwapo kwake zilionekana mara ya kwanza mwaka 1957, katika kazi ya Salmon na Daughaday wa Marekani.

Kwamba amri hii hulifikia taya, dalili yake yakini imo katika maradhi. Mwaka 1886 tabibu wa Ufaransa, Pierre Marie, alieleza juu ya watu wazima ambao mikono, miguu na nyuso zao zilianza kukua upya. Baadaye ikajulikana kuwa sababu ni uvimbe katika pituitari unaomwaga homoni ya ukuaji bila kiasi. Pete haivuliki, kiatu hakiingii, na taya la chini hurefuka hata meno yakaachana na kidevu kikatangulia uso. Huyu ni mtu ambaye kimo chake kimefungwa zamani, lakini taya lake bado lasikia wito.

Kwa nini basi wasipime homoni ya ukuaji yenyewe? Kwa sababu haina utulivu. Hutoka kwa vishindo, hasa usiku mtoto akiwa katika usingizi mzito, na kati ya kishindo na kishindo yaweza kuwa haba kama hakuna. Mtoto akitolewa damu saa nne asubuhi, jibu lisimwambie daktari lolote. IGF-1 si hivyo. Imefungamana na protini zinazoibeba katika damu, kwa hiyo kiwango chake cha asubuhi hakitofautiani sana na cha jioni. Na katika umri wa mtu hupanda na kushuka kwa namna ya kupendeza: ni kidogo kwa mtoto mchanga, huongezeka pole pole, hupaa wakati wa kubaleghe kuliko wakati mwingine wowote wa maisha, kisha huteremka miaka yote iliyobaki.

Mwaka 2008 jarida la Marekani la madaktari wa kunyoosha meno lilichapisha utafiti wa Mohamed Masoud na wenzake, waliopima IGF-1 na kuilinganisha na daraja za pingili za shingo. Hawakutoa damu kwa sindano ya mkononi. Walichoma ncha ya kidole, wakadondosha damu kwenye karatasi maalumu na kuiacha ikauke, njia ile ile inayotumiwa kuwapima watoto wachanga katika nchi nyingi tangu Robert Guthrie alipoianzisha katika miaka ya 1960. Waliyoyapata yalikwenda sawa na matarajio: kiwango kilikuwa chini kwa watoto wasioanza mbio, kikapanda kwa nguvu kwa waliokuwa kileleni, kikashuka kwa waliopita. Watafiti wa Misri na India nao wakaifuata njia hiyo. Wengine wamejaribu mate, na wengine majimaji machache yanayotoka kati ya jino na ufizi, ili mtoto asichomwe kabisa.

Msomaji atauliza: ikiwa ni hivyo, mbona daktari wetu hakututajia? Kwa sababu njia kutoka kwenye jarida hadi kwenye kiti cha mgonjwa ni ndefu, na katika jambo hili bado haijakwisha.

Kikwazo kikubwa ni kwamba kiwango cha IGF-1 kilicho cha kawaida kina upana mno. Watoto wawili walio katika daraja moja la ukuaji, mmoja aweza kuwa na kiasi ambacho ni mara mbili ya mwenzake, na wote wakawa wazima. Kipimo kimoja, basi, ni kama kumsikia mtu akipita gizani mara moja: wajua yupo, hujui kama yuaja au yuaondoka. Kiwango cha wastani chaweza kuwa cha anayepanda mlima au cha anayeuteremka. Anayetaka kujua hana budi kupima tena baada ya miezi kadhaa, na hapo gharama huanza kuongezeka. Tena maabara hazipimi kwa chombo kimoja, hivyo tarakimu ya maabara hii haiwekwi kando ya tarakimu ya ile.

La pili latugusa zaidi sisi wa hapa. IGF-1 hufuata chakula. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha, hasa protini, kiwango chake hushuka hata kama homoni ya ukuaji ni nyingi. Ini halitoi ruhusa ya kujenga pale ghala lilipo tupu. Maradhi ya ini, tezi ya shingo isiyofanya kazi vyema, kisukari kisichodhibitiwa, yote hukivuruga. Daktari asiyeuliza mtoto anakula nini aweza kuisoma njaa akadhani ni uchanga.

Na la tatu ni la kimsingi. Homoni, hata ikipimwa vizuri, husema lini. Haisemi kiasi gani, wala kuelekea wapi. Mataya mawili yaweza kuanza mbio siku moja, hili likaelekea mbele na lile likazunguka kuteremka chini, kama Björk alivyoona kwenye vipini vyake. Mwelekeo huo una mkono mkubwa wa nasaba. Wafalme wa ukoo wa Habsburg waliotawala sehemu kubwa ya Ulaya walirithishana kidevu kilichotokeza kwa vizazi vingi, na picha zao zilizochorwa zipo katika makumbusho hadi leo. Charles wa Pili wa Hispania, aliyefariki mwaka 1700, alipata taabu hata ya kutafuna. Kwa hiyo daktari akimtazama kwanza baba, kisha mjomba, ndipo amtazame mtoto, msimdhanie kuwa amepotewa na adabu. Anasoma.

Mtoto wa kidevu kilichotokeza ndiye kesi ya kinyume, na wazazi huchanganya mambo haya mawili. Kwake, kifaa cha kulivuta mbele taya la juu hufaa zaidi mapema, aghalabu kabla ya miaka 10, na mbio za kubaleghe si rafiki yake bali ni hatari, kwani zaweza kuyafuta yaliyopatikana. Akiwa ni wa kufanyiwa upasuaji wa taya, husubiriwa mpaka ukuaji uishe kabisa: wasichana aghalabu baada ya miaka 16 au 17, wavulana baada ya 18 na pengine zaidi. Hapa ndipo sisi, kwa rai yetu, twaona kipimo cha damu kingeleta faida kubwa kuliko pengine popote. Mfupa uliopasuliwa kabla ya wakati, kisha taya likaendelea kukua, ni maumivu na mali vilivyotumika mara mbili.

Kwa mtoto wa kidevu kilichorudi nyuma kuna neno jingine ambalo wazazi wanastahili kulijua kabla ya kufungua mkoba. Wako wanaoshauriwa waanze matibabu angali ana miaka 8 au 9, kisha warudie awamu ya pili akifika 12 au 13. Jambo hili limechunguzwa kwa majaribio ya kulinganisha, yakiwemo yale ya Chuo Kikuu cha North Carolina, na matokeo ya mwisho hayakuonyesha kuwa walioanza mapema na kupitia awamu mbili walipata taya lililo bora kuliko waliosubiri awamu moja. Faida iliyoonekana ya kuanza mapema ni kwamba meno ya mbele yaliyotokeza yalipata ajali kwa uchache zaidi. Hiyo si faida ndogo kwa mtoto anayecheza mpira juu ya mawe na meno yake yametangulia uso, wala kwa yule ambaye kejeli za wenzake zimemfanya aikimbie shule. Lakini mzazi na ajue ananunua nini.

Wataalamu wa kunyoosha meno nchini mwetu ni wachache, na kwa familia ya visiwani au ya ndani ya Tana safari moja tu ni gharama ya mwezi. Kwa hiyo afadhali safari hiyo ifanywe na mzigo wa habari. Tangu mtoto atimize miaka 8, na asimamishwe ukutani bila viatu, visigino vikigusa ukuta, kitabu kikalazwa juu ya kichwa, na alama ikatiwa na tarehe. Irudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne, mtu yule yule akipima, wakati ule ule wa siku, kwa kuwa jioni sote huwa wafupi kidogo kuliko asubuhi. Sentimita zikianza kuruka, huo ndio wakati wa kupiga simu, wala si wa kungoja likizo ya Disemba. Kwa msichana, iandikwe pia tarehe ya kuvunja ungo. Kwa mvulana, sauti ilipoanza kuvunjika. Na picha ya uso kwa upande, moja kila mwaka, mtoto akiwa ameuma meno na kutazama mbele, simu ya kawaida yatosha kuipiga.

Mbele ya daktari, mama aulize: amesoma nini katika shingo ya mtoto kwenye picha ile? Daraja lipi? Je, tungoje kwa sababu mbio hazijaanza, au kwa sababu zimepita? Maana "tungoje" ni neno moja lenye maana mbili zilizo mbali mno. Ngoja ya kwanza ina tarehe ya kurudi, aghalabu miezi sita. Ya pili hupeleka kwenye mazungumzo mengine kabisa, ya kung'oa meno mawili ili yaliyobaki yarudishwe nyuma, au ya upasuaji katika utu uzima. Na ikiwa daktari atataja kipimo cha IGF-1, aulizwe kitarudiwa lini, katika maabara ipi, na jibu lake litabadilisha nini katika matibabu. Kama halitabadilisha kitu, fedha hizo zibaki kwa ajili ya kifaa.